Gari limepinda, spea ni nzima: namna ya kuchinja Impreza STI bila kupunjwa

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Buswelu, Mwanza. Mwezi uliopita mdogo wangu alipata ajali na Subaru Impreza WRX STI yangu ya mwaka 2004 karibu na Usagara, akaserereka na kugonga nguzo ubavuni. Yeye ni mzima, tunamshukuru Mungu, lakini bodi imepinda hadi paa na mafundi watatu wameniambia hainyoosheki. Nilikuwa na bima ndogo tu. Injini bado inawaka, giaboksi ya gia sita ni nzima, breki nzima. Kuna mtu anataka kulichukua lote kwa bei ya kutupa, na mwingine anataka tabo (ile inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) na giaboksi tu, analipa leo leo. Mimi nafikiria kulichinja, yaani kulifungua kipande kipande, na kuuza spea mwenyewe. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana, na huyo mdogo wako mpe pole yangu. Kutoka mzima kwenye gari lililopinda hadi paa ni jambo la kushukuru kila ukiamka.

Yule wa tabo na giaboksi usimuuzie, hata akiweka pesa mezani. Anataka nyama akuachie mifupa, na mifupa hiyo hutapata wa kuinunua kwa bei ya maana, kwa sababu anayetafuta injini ya STI ataulizia tabo yake, na anayetafuta difu ya nyuma, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu, ataulizia giaboksi yake. Nina zaidi ya miaka ishirini kwenye gereji za Nyakato. Magari niliyoyaona yakiwatia watu hasara wakati wa kuchinjwa, mengi hasara yake ilianza kwa mnunuzi wa kwanza mwenye haraka.

Karatasi zitangulie. Kama ajali ilifika polisi, gari linaweza kuwa kielelezo, kwa hiyo usifungue kitu mpaka trafiki wamalize ukaguzi na wakuruhusu kwa maandishi. Kama kadi imeshikiliwa na aliyekukopesha, malizana naye kwanza. Ungekuwa na bima kubwa na kampuni ikakulipa, mabaki yangekuwa yao. Kwa bima ndogo mabaki ni yako. Piga picha kadi, namba ya chasisi na namba ya injini, maana kila risiti utakayoandika itazihitaji. Mjini hapa watu wameshauziwa taa na vioo vya wizi mpaka wamekoma, na sheria inambana hata anayepokea mali ya wizi. Mnunuzi makini akikuuliza spea imetoka gari gani, usimwone mchokozi. Huyo ndiye mteja unayemtaka.

Sasa nisikilize vizuri, maana pesa yako iko hapa. Umesema injini inawaka. Basi usiitoe bado. Ikiwa ndani ya gari inajieleza yenyewe. Ikishalazwa juu ya tairi kuukuu kwenye kona ya gereji imekuwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi wa kwenye gunia hulipwa bei ya gunia. Chagua asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, mtafute mtu mwenye simu nzuri, aanze kupiga video kwenye kibao cha namba, ahamie kwenye namba ya chasisi, ndipo uwashe, bila kukata. Injini hizi za EJ20, pistoni zake zimelala ubavu kwa ubavu, zinaweza kupiga kelele kidogo asubuhi ambayo hupotea zikipata moto. Hiyo haimtishi anayezijua. Lakini ukisikia kugonga kutoka chini, tok tok tok, kunakofuata mwendo wa injini na kuzidi ikipata moto, hizo ni beringi za konrodi zinakufa. Likiwepo hilo, liseme na uuze kwa bei yake. Usipolisema, litajisema lenyewe barabarani na jina lako.

Ikishapata moto, pima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Toa plagi zote nne (kwenye Subaru ni kazi ya kuchubuka vidole, zimejificha ubavuni karibu na fremu), chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, betri iwe imejaa, mtu akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho, mwingine apige stata mpaka mshale wa geji uache kupanda. Andika silinda moja moja.

Na hapa kuna jambo ambalo limewaharibia watu wa Kanda ya Ziwa biashara bila wao kujua. Sisi tuko juu. Uso wa ziwa wenyewe uko takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na presha ya hewa ya huku ni kama asilimia 87 ya ile ya pwani. Injini inayosoma psi 150 (psi ni kipimo cha presha) Dar es Salaam, injini hiyo hiyo ukiipima Mwanza itasoma karibu psi 130. Haijachoka, imepewa hewa pungufu ya kubana. Mnunuzi wa Gerezani, Dar, akisikia 130 anavuta mdomo, anakata bei, na muuzaji asiyejua anakubali kwa aibu. Wewe andika kwenye karatasi ya vipimo kwamba injini imepimwa Mwanza, kisha mwonyeshe kinachohukumu kweli, yaani tofauti kati ya silinda na silinda. Subaru wenyewe wanataka iwe ndogo sana, psi 7 hivi. Ukipata 131, 129, 130 na 128, una injini yenye afya. Ukipata tatu za 135 na moja ya 105, injini hiyo ni mgonjwa hata ukiipeleka ufukweni Bagamoyo.

Ukiwa na video na karatasi ya vipimo, ndipo upange mauzo, na kanuni yangu ni moja: vinavyofanya kazi pamoja viuzwe pamoja. Hili nililipia mwenyewe. Miaka mingi nyuma mteja wa Shinyanga alinunua kwangu giaboksi ya Subaru ya gia tano. Hakuuliza habari ya difu, na mimi sikumuuliza. Wiki ya tatu akarudi, gari likifika kwenye kona linanguruma na kukakamaa, usukani unarudi nyuma mikononi. Giaboksi niliyompa ilikuwa ya 4.44, difu yake ya nyuma ilikuwa ya 4.11. Hebu fikiria: magurudumu yote manne yanazunguka sawa barabarani, lakini upande wa mbele unadai mizunguko 4.44 kwa kila mzunguko wa gurudumu, na upande wa nyuma unadai 4.11. Ugomvi huo unabebwa na difu ya katikati, kila mita ya safari. Mafuta ya silikoni yaliyo ndani ya kiungo chake yakachemka mpaka kikakaza kabisa. Nilimrudishia pesa yake yote, na giaboksi ikawa chuma chakavu. Yule mzee hakunigombeza hata neno moja, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Yako ya gia sita inahitaji uangalifu zaidi. Ziko zinazokwenda na difu ya nyuma ya 3.9, na ziko zinazokwenda na ya 3.545 kwa sababu gia zake za kupeleka nguvu nyuma ni tofauti. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Tafuta stika juu ya gamba la klachi, namba inayoanza na TY856, uifute vumbi taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, usiikwangue, na uipige picha kabla haijafutika. Kisha uza fungu zima: giaboksi, klachi na flaiwili yake, propela, difu ya nyuma na shafti zake. Difu ya STI ni R180, kubwa kuliko R160 ya WRX ya kawaida, na shafti hazibadilishani. Mtu akinunua difu bila shafti atarudi kwako analalamika. Kama gari lako lina swichi ya DCCD (ya kurekebisha difu ya katikati) pale kati ya viti, ile kompyuta ndogo inayoiongoza na nyaya zake ziingie kwenye fungu hilo hilo.

Fungu la pili ni injini, tabo, manifoldi, intakula (kipoza hewa ya tabo), kontroli boksi (kompyuta ya injini), waya zote na ufunguo. Waya usizikate! Fundi mvivu atakuambia kata hapa, mtaunga huko. Waya iliyokatwa inamgharimu mnunuzi siku nne za kutafuta hitilafu, na siku hizo nne atazitoa kwenye bei yako. Tabo nayo, STI ya soko la Japani ya miaka hiyo ina njia mbili za moshi na manifoldi yake ni ya peke yake, kwa hiyo mtu mwenye Forester akidhani atafunga tabo tu, mwambie ukweli kabla hajalipa. Ipime mbele yake: shika ncha ya shafti kwa vidole viwili, sukuma juu na chini, utasikia mchezo mdogo sana, huo ni wa kawaida. Kisha vuta kuja kwako na usukume ndani. Hapo hutakiwi kusikia kitu. Ukisikia hata kidogo, tabo inaelekea ukingoni, na mara nyingi chanzo ni kale kachujio kadogo kaliko ndani ya bolti ya bomba la oili, kameziba kwa sababu oili ilichelewa kubadilishwa. Intakula uipulizie hewa ya kompresa kabla ya picha. Kwenye Impreza imekaa chini ya tundu la boneti, na gari lililopita barabara za kandokando ya ziwa msimu wa wale wadudu wanaopaa kama moshi utawakuta wamejaa kwenye mapezi yake wamekauka kama majani ya chai.

Breki za Brembo zitakuletea simu nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu zinaonekana. Kalipa nne, diski zake, mabano na mipira ya breki, vyote pamoja. Diski za mbele ni milimita 326, kwa hiyo rimu ya inchi 16 haivai, mwambie mtu mapema. Na kuna mtego mwingine: hadi 2004 STI ilikuwa na matundu matano ya bolti za gurudumu kwenye duara la milimita 100, toleo la 2005 likahamia 114.3. Yako pima kwa rula, usitegemee mwaka ulio kwenye kadi, maana mwaka wa kadi na mwaka wa toleo mara nyingine vinapishana. Ikiwa ni 100 una bahati, kwa sababu Forester za SG5 zilizojaa barabarani nazo ni 100, na wenye Forester ndio wateja wako wa karibu.

Kitu kimoja nakuomba usiuze: airbag. Najua watu watazitaka, na watakuambia hazijalipuka, ziko safi. Subaru za miaka hiyo ni miongoni mwa magari yaliyoitwa kurudishwa duniani kwa sababu ya airbag za kampuni ya Takata. Baruti yake ni ya amonia naitreti, inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali inapasua kikopo chake na kumrushia dereva vipande vya chuma. Joto na unyevu wa miaka mingi ndiyo hali ya hewa yetu hapa. Dashibodi iuze, usukani uuze, lakini airbag zitolewe na fundi anayezijua, betri ikiwa imechomolewa na gari limekaa kwanza bila umeme. Mikanda ya viti iliyovuta siku ya ajali nayo haina kazi tena, ikate vipande ili asije mtu akaiokota.

Vidogo vidogo sivitolei maelezo mengi. Taa za mbele, viti, rejeta, milango ya upande usiogongwa, alteneta, rafu ya usukani, vyote vina watu wake. Ila angalia ekzosi. Ndani yake kuna katalisti, ile ambayo wanunuzi wa mitaani wanaiita sega, na ina platinamu, paladiamu na rodiamu. Watakuja vijana watakaojitolea kukusaidia kubeba vyuma chakavu bure, na hicho ndicho wanachokifuata. Iweke ndani ya nyumba.

Bei. Usipange bei kwa kuuliza fundi mmoja, wala kwa uchungu wa pesa uliyonunulia gari. Tafuta fungu kama lako linauzwaje Japani, ongeza usafiri wa meli, ushuru, VAT ya asilimia 18 na nauli ya kutoka Dar hadi hapa. Hiyo ndiyo bei ya mtu anayeagiza. Yako iwe chini yake kwa kiasi cha kumfanya asiagize, isiwe chini ya hapo. Una nguvu kuliko unavyodhani: STI yenye injini ya EJ20 iliishia na toleo la mwisho la magari 555 lililotangazwa mwaka 2019, kwa hiyo zilizopo zinapungua kila mwaka. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na wapenzi wa Subaru wako wengi kule tangu dereva Colin McRae aliposhinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Wenye gari kama lako kule wanatafuta spea ya kuliweka hai. Mnunuzi wa Nairobi au Kampala akija, muuzie getini kwako kwa risiti, habari za forodha ya Sirari au Mutukula ziwe zake.

Wateja wa Geita siku hizi ni wepesi zaidi. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mtu anakuja asubuhi, anasikiliza injini na kurudi bila kupanga foleni ya kivuko. Mwite aje ukiwa bado hujaitoa. Anayelipa amana nzuri baada ya kuisikia mwenyewe hana maneno mengi baadaye. Spea ndogo utazituma kwa basi kutoka stendi ya Nyegezi. Mwaga oili yote kwanza na uzibe matundu, kwa sababu difu ikivujia mabegi ya abiria utailipia wewe. Pesa ya simu usiiamini kwa picha ya meseji, angalia salio lako. Na mali kauli usimpe mtu, hata awe rafiki wa rafiki.

Toa dhamana ya siku saba kwa injini na giaboksi, kwa maandishi. Wengi wanaogopa, mimi naona ndiyo inayouza. Ila kabla kitu hakijaondoka, chukua rangi ya kucha nyekundu, weka tone kwenye bolti za kava za valvu, za kava ya taimingi na za tabo, tone liguse bolti na chuma cha pembeni, upige picha mnunuzi akiwepo. Likirudi limepasuka, ujue kuna spana ilipita, na dhamana imekufa. Mnunuzi mwaminifu hatachukia.

Oili na kuleti (maji ya rejeta) ukizimwaga ziingie kwenye dumu lenye kifuniko. Mitaro ya mji huu inaishia mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani tunakokunywa maji na kula samaki. Wako wanaokusanya oili chafu, wape.

Kuhusu yule anayetaka kulichukua lote: kama huna uwanja wenye geti, au huwezi kuvumilia miezi mitatu ya simu za saa tano usiku, kuuza lote si kosa. Lakini fanya video na vipimo kwanza, umwonyeshe, halafu msikilize upya. Na kama ukishamaliza hili utatamani kununua la pili ulichinje, hiyo sasa ni biashara. Kata TIN na leseni Manispaa ya Ilemela kabla hujaendelea.

Imebaki bodi. Usimpe mtu bodi, kadi na vibao vya namba kwa pamoja, kwa bei yoyote ile. Kuna watu wanaotafuta mabaki yenye karatasi halali ili wakapachike namba ya chasisi kwenye gari la wizi, na siku likikamatwa, jina kwenye kadi ni lako. Andika barua TRA ya kufuta usajili, rudisha kadi na vibao, ubaki na nakala zilizogongwa muhuri. Kisha mwite mkataji wa gesi, na kipande chenye namba ya chasisi kikatwe kwanza, ukiwa umesimama hapo. Kiweke kabatini pamoja na nakala za TRA, na zilizobaki zipimwe kwa kilo.